Senkondo na Jina la Mwanawe

Hapo zamani, katika milima ambayo mvua yake ilikuwa ya kubahatisha, aliishi mwanamke aliyeitwa Senkondo.

Naona mmeanza kutazamana. Ndiyo, Senkondo, na ndiyo, mwanamke. Jina la kiume kabisa, jina la mtu wa ndevu na shoka begani, na aliyempa hakukosea. Tulieni niwaambie alilipataje, kwa sababu mwishoni nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie eti hakusikia vizuri.

Watu wa milima ile waliishi kwa mfereji mmoja. Ulichimbwa na wanaume tisa, enzi za mababu wa mababu, kutoka kwenye chemchemi hadi mashambani. Maji yake yalikusanywa katika bwawa la mawe na udongo, wenyewe wakiliita ndiva. Usiku ndiva ilijaa. Asubuhi mwenye zamu alichomoa kizibo, gogo kubwa lililokaa kwenye tundu la chini, maji yakaenda shambani kwake. Zamu zilikuwa tisa, nazo zilikwenda kwa majina ya wale wachimbaji tisa. Hukuwa na zamu kwa sababu wewe ni mtoto wa fulani. Ulikuwa na zamu kwa sababu unabeba jina. Babu akifa, mjukuu mwenye jina lake ndiye anayechomoa kizibo.

Na kila mwezi ulipoandama, asubuhi yake watu walikutana ukingoni mwa ndiva. Mwita majina alipanda juu ya jiwe, akaita majina yote tisa. Mwenye jina alijibu kwa sauti yake mwenyewe, "Nipo!" Jina liliitwa mara tatu, haikuzidi hapo. Likikosa jibu miezi mitatu mfululizo, lilizikwa. Zamu yake iligawanywa kwa wale wanane waliobaki, na nyumba iliyokuwa ikilibeba ikabaki kutazama mawingu.

Majina yote tisa yalikuwa ya kiume. Wanawake ndio waliobeba udongo wa kuziba ndiva kila mwaka, wakaukanyaga kwa miguu yao mpaka ukashika. Lakini majina yalikuwa ya kiume, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Sasa, mzee Senkondo alikuwa na watoto wawili: mwana mmoja, na binti mmoja aliyeitwa Nanzia, ambaye alikuwa ameolewa ng'ambo ya korongo. Mwaka mmoja yule mwana alifukiwa na udongo akizibua mfereji, akafa, akamwacha mkewe, Nakiete, ana mimba. Mzee hakuumaliza mwezi, naye akafa kwa huzuni. Jina likabaki halina mtu, na watu wote wakawa wanalitazama tumbo la Nakiete.

Mwezi wa kwanza uliandama, jina likaitwa, kimya. Mwezi wa pili, kimya. Siku nane kabla ya mwezi wa tatu, Nakiete akajifungua. Mtoto wa kike.

Jirani yao aliitwa Mavura, mmoja wa wale wenye zamu, na kwa upande wa mama alikuwa binamu ya marehemu mume wa Nakiete. Alikuja na pole yake mlangoni siku hiyo hiyo.

"Pole sana, shemeji," akasema. "Mungu hapangiwi. Lakini jambo hili lina dawa. Mimi nitakurithi. Utazaa wa kiume, tutamwita Senkondo, na mpaka hapo nitawaomba wazee niitunze zamu mimi. Huyu wa kike mpe jina zuri la kike, majina ya kike yamejaa tele."

Nakiete alikuwa amelala na mtoto kifuani. Akamwambia, "Mzee Mavura, jina limeshapata mtu. Senkondo ni huyu."

Mavura akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha.

Basi maneno yakaenea. Wazee wakaja wakamshauri taratibu: amvalishe mtoto kama mvulana mpaka mwezi uandame, watu wajifanye hawakuona, mengine yatajulikana baadaye. Nakiete akakataa. "Simfichi," akasema. "Ni msichana na anaitwa Senkondo. Anayetaka kuona, nitamfungulia nguo aone." Ndugu zake mwenyewe wakamtumia ujumbe kwamba amewatia aibu, na kwamba asikanyage kwao mpaka aache kichaa hicho. Hakuacha, wala hakukanyaga. Baba yake alikuja kufa miaka minne baadaye, na Nakiete akayasikia matanga kwa mbali.

Lakini ushupavu wa Nakiete ulikuwa na mwisho wake. Yeye alikuwa mtu wa kuolewa tu pale. Jina la mfereji lilitiwa kwa mtoto na mtu wa damu ya wenye jina, kwa maji ya ndiva, mbele ya watu, siku ya nane. Na wa damu ile alikuwa amebaki mmoja tu juu ya ardhi: wifi yake, Nanzia.

Nakiete na Nanzia walikuwa hawasemezani. Sababu yenyewe ilikuwa chungu kimoja cha udongo kilichovunjika siku ya harusi, kila mmoja akisema ni mwenzake aliyekivunja. Na mume wa Nanzia alikuwa mmoja wa wale wanane ambao wangegawana zamu. Alimwambia mkewe wazi, akiwa anakula, bila hata kuinua macho: "Ukimtia msichana yule jina la baba yako, usirudi hapa. Na watoto wanabaki."

Watoto walikuwa wawili. Mdogo alikuwa bado hajang'oa jino hata moja la utoto.

Siku ya nane ikawa ndiyo asubuhi ya kuita majina. Watu walijaa ukingoni mwa ndiva kama siku ya sikukuu, wengine wamekuja kuona jina likizikwa. Nakiete akafika na mtoto. Hakukuwa na Nanzia. Jua likapanda. Mwita majina akapanda jiwe lake. Na ndipo Nanzia akatokea kwenye njia ya korongo, mikono mitupu, macho mekundu, hasemi na mtu. Akamchukua mtoto kwa Nakiete bila kumsalimu, akaingia majini mpaka magotini, akachota kwa kiganja, akammwagia kipajini.

"Wewe ni Senkondo," akasema, kwa sauti iliyofika ng'ambo. "Baba yangu amerudi akiwa msichana. Asiyetaka na asitake!"

Mtoto akalia kwa yale maji ya baridi, akalia kweli kweli. Nakiete akampa ziwa. Mtoto akanyonya, akashiba, akalala fofofo.

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana majina yalikuwa bado hayajaitwa.

Mwita majina aliitwa Kazeni. Mwanamume wa makamo, hana mke, hana mtoto. Alichokuwa nacho ni sauti. Sauti yake ilisikika vilima vitatu. Akaanza kuita. Jina la kwanza: "Nipo!" La pili: "Nipo!" Akaendelea hivyo mpaka la nane, na Mavura ndiye aliyekuwa wa nane. Alipokwisha kujibu, Mavura akageuka akawaambia watu, "Mjue sheria. Anajibu mwenyewe. Mtu akimfinya mtoto, akimtikisa, akimpulizia, basi ni huyo aliyejibu, si mtoto."

Nanzia alikuwa tayari ameukunja mkono amfinye. Akaushusha.

Kazeni akaita, "Senkondo!"

Mtoto amelala.

"Senkondo!"

Mtoto akasogeza mdomo, akaendelea kulala. Kazeni akamtazama Nakiete, akamtazama Mavura, kisha akavuta pumzi, na wote wakajua kwamba hiyo ndiyo ya tatu.

"Senkondooo..."

Hakuikata. Sheria ilisema mara tatu. Haikusema mara moja ni ndefu kiasi gani. Maadamu pumzi haijakatika, mwito ulikuwa ni ule ule mmoja. Kazeni aliita, akaita, mishipa ikamsimama shingoni, uso ukawa mweusi. Mavura akapiga kelele, "Kata!" Kazeni hakukata. Watu wakasikia kitu kikipasuka ndani ya ile sauti, ikawa mkwaruzo, ikawa mluzi, lakini pumzi ilikuwa bado inatoka. Na ndani ya mkwaruzo ule mtoto akafumbua macho, akakunja uso, akapiga yowe.

Kazeni akaanguka chini ya jiwe. Mavura akasema kilio si jibu. Mzee mmoja akamjibu kwamba sheria inataka sauti ya mwenye jina, haikuchagua maneno. Nanzia akawa wa kwanza kupiga vigelegele, Nakiete wa pili, na wanawake waliokuwa wakikanyaga udongo miaka yote ile wakapokea. Zamu ya Senkondo ikabaki hai. Kazeni hakuita tena maisha yake yote. Kuanzia siku ile alisema kwa kunong'ona tu, na jiwe lake akapewa mtu mwingine.

Nanzia hakurudi ng'ambo. Alikaa na Nakiete chini ya paa moja, wakigombana kuhusu chungu.

Hivyo ndivyo Senkondo alivyosimuliwa, na alisimuliwa mara nyingi hata akajua pa kucheka na pa kunyamaza. Yeye mwenyewe alichokumbuka ni yaliyofuata. Alikumbuka wasichana mtoni wakikataa kumsuka: "Kasukwe na wanaume wenzako." Alikumbuka wavulana wakimfuata njiani, "Senkondo, ndevu umeziacha wapi?" na yeye akiwajibu, "Nimemwazima mama yako." Aliwajibu hivyo kwa ukali, halafu akafika nyumbani akajificha nyuma ya zizi, akalia mpaka akachoka. Hakuna aliyewahi kumwona akilia, na mngemuuliza angekana.

Lakini kila mwandamo alikwenda kusimama ukingoni, akiwa mfupi kuliko wote, akajibu, "Nipo!" Na alipokuwa na miaka kumi na miwili, alichomoa kizibo peke yake. Gogo lilikuwa zito, likamwangusha matopeni. Akainuka na matope mpaka nyusi, maji yanaunguruma kuelekea shambani kwa mama yake, akawatazama wanaume wote mmoja mmoja mpaka wakaangalia pembeni. Siku hiyo alilipenda jina lake. Alilipenda kama mtu anavyopenda kitu alichokipigania.

Akakua. Akaolewa na kijana mpole kutoka kilima kingine, jina lake Mrutu, ambaye alikubali kuhamia kwake. Wakapata mtoto wao wa kwanza. Wa kiume.

Sasa fungueni masikio. Katika nyumba za mfereji palikuwa na desturi. Mwenye jina la zamu akipata mtoto wa kwanza, mtoto huyo huitwa jina la yule aliyempa mzazi wake jina lile. Hiyo ndiyo shukrani yake, na hapakuwa na shukrani nyingine. Mtoto mmoja, jina moja, siku ya nane, kwenye ndiva. Mtoto wa pili hahesabiwi. Kwa wengine halikuwa jambo la kufikiri: aliyetoa jina alikuwa mmoja na alijulikana. Lakini Senkondo?

Siku ya saba wakaja uani kwake wote watatu, Nakiete, Nanzia na Kazeni, na Senkondo amekaa na mtoto mapajani.

Nakiete akaanza. "Mwanangu, jina lile lilikuwa maiti. Watu wazima, wenye akili zao, wote walikuwa wameshaliomboleza. Mimi peke yangu ndiye niliyeona kwamba mtoto wa kike anaweza kulibeba. Wifi yangu alilitamka, Kazeni akaliita, sawa. Walilitoa wapi? Kinywani mwangu. Nilikataa kuolewa, nilikataa kukuficha, na baba yangu alizikwa nikiwa nimesimama mbali kama mgeni. Sijawahi kukudai kitu. Hiki nakidai."

Nanzia akamkatiza, kama kawaida yake. "Kuwaza jina si kutoa jina. Mama yako angeliwaza mpaka leo, nisingeteremka lile korongo ungeitwa vyovyote tu. Mimi ndiye niliyekutia maji. Na usidhani nilifanya kwa kukupenda, nilikuwa sikujui. Nilitaka mvulana kama wote. Lakini nilikuja. Nyuma yangu wanangu waliniita, Senkondo. Yule mdogo aliniita mpaka nikavuka korongo." Akajipangusa pua kwa ncha ya kanga. "Sasa wana watoto wao. Hakuna hata mmoja anayeitwa Nanzia. Wametumia jina la mwanamke aliyewalea, na siwezi kuwalaumu. Mimi nina wewe tu."

Kisha ikawa zamu ya Kazeni. Wote wakainama kumsikiliza, maana sauti yake haikuzidi ya majani makavu.

"Hawa wawili walilileta jina mpaka penye jiwe," akanong'ona. "Hawakosei. Lakini lingezikwa pale pale, na wao wamesimama wanatazama. Jina lisiloitikiwa halina mtu. Niliita mara mbili, na sheria ingeniruhusu nikate ya tatu niende zangu nyumbani na sauti yangu. Sikukata. Nilikuwa na kitu kimoja duniani, nikakitoa chote kwa pumzi moja. Sina mtoto. Nikifa, hakutakuwa na Kazeni. Kwa hiyo nalitaka jambo hili, sitaki kuwaficha."

Kumbe Mavura alikuwa amesimama nje ya ua, mzee sasa, fimbo mkononi, lakini masikio yangali mazima. Akaingiza kichwa. "Basi limekwisha hilo!" akasema. "Mtoto wa kiume, jina la kiume. Mwiteni Kazeni, mambo yaishe, tupumzike na vituko vya nyumba hii."

Kazeni akainuka. Alitaka kupiga kelele, ikashindikana, ikabidi amsogelee Mavura mpaka karibu ndipo amwambie: "Kama ni kwa sababu hiyo, sitaki. Angezaliwa msichana ungesema nini? Sikupasua koo langu ili uje kunipa shukrani hii kwa sababu ya ndevu."

Mavura akaondoka, lakini neno lake lilibaki pale uani, na Senkondo alilisikia likizunguka. Jioni, wakiwa wanakula, mumewe akalileta tena, kwa upole.

"Kazeni ni jina zuri," Mrutu akasema.

"Ni zuri."

"Na anastahili. Na mtoto hatachekwa mtoni."

"Hatachekwa."

"Sasa shida nini, mke wangu?"

"Shida ni hiyo hiyo," Senkondo akasema. "Nikimchagua Kazeni, nitajuaje kwamba nimemchagua kwa haki yake, na si kwa sababu nimeogopa?"

Senkondo alimtazama mtoto akinyonya na ngumi zake ndogo amezikunja. Akamfikiria mvulana anayeitwa Nanzia, mvulana anayeitwa Nakiete, akayasikia tayari yale maneno ya njiani, maana aliyajua yote kwa moyo. Alijua uchungu wake ulivyo. Alijua pia alivyosimama matopeni siku ile ya kizibo. Lakini yeye hakuwahi kuulizwa kama alitaka kubeba vita ile, na huyu naye asingeulizwa. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Siku ya nane ikafika. Watu wakajaa ndivani kuliko hata siku ile ya zamani. Nakiete akasimama kulia, Nanzia kushoto, hawatazamani. Kazeni akaegemea jiwe lake la zamani, mikono kifuani. Mwita majina mpya alikuwa juu, mdomo tayari. Kutoka nyuma mtu akacheka, na mwingine akasema, "Leo tutapata bibi mwenye ndevu."

Senkondo akaingia majini mpaka magotini, mtoto mkono mmoja. Akageuka, akawakabili.

"Sikilizeni," akasema. "Jina nitakalotamka ndilo atakaloitwa mpaka afe. Sitabadilisha, sitafupisha, sitaomba radhi. Anayetaka kucheka asicheke huko nyuma. Aje acheke hapa mbele yangu. Mtoto akishika jina lake, nitamfundisha kulijibu."

Hakuna aliyekwenda mbele. Senkondo akainama, akachota maji kwa kiganja.

Hapo nasimama. Mimi sina la kuongeza, na lililobaki ni lenu. Msiniambie ampe yote matatu. Nimeshasema, jina ni moja. Msiniambie angoje mtoto wa pili, nimeshasema, hahesabiwi. Wewe uliyesema Kazeni moyoni tangu zamani, jiulize kama ungesema hivyo mtoto angekuwa wa kike. Na wewe unayemtaka Nakiete, au Nanzia, kwa ujasiri mkubwa huo, kumbuka kwamba si wewe utakayesubiriwa njiani na wavulana.

Mmoja aliliona jina mahali ambapo wengine waliona kaburi. Mmoja alilitia kwa maji, akaacha wana wake ng'ambo. Mmoja aliliita mpaka sauti yake ikafa. Maji yanavuja kati ya vidole vya Senkondo, na mtoto ameshafumbua macho. Je, ni nani hasa aliyempa Senkondo jina lake? Na huyu wa kiume, aitwe nani?